Ulezi wa Seli za Kinga: Kutoka Mkono wa Fundi hadi Mifereji ya Chipu

Seli ya kinga iliyotolewa katika damu ya mwanadamu haina subira. Hutaka joto la nyuzi 37, hewa ya kadiri, sukari ya kutosha na uchachu usiozidi wala kupungua. Na ikikosa kimojawapo cha hivyo kwa muda mrefu hufa, au, lililo baya zaidi ya kufa, huendelea kuishi ilhali imepoteza ule ukali ambao kwa ajili yake ilitafutwa. Ndiyo maana, tangu wataalamu walipoanza kuzilea seli nje ya mwili, ulezi huo umekuwa ni amali ya mkono: mkono uliovaa glavu, unaoshika pipeti, unaofungua chupa na kuifunga ndani ya kabati lipulizwalo hewa iliyochujwa, na unaorejea kazini siku za mapumziko na za sikukuu kwa kuwa seli hazizitambui siku hizo. Muradi wa makala haya ni kueleza jinsi amali hiyo inavyoanza kuondoka mikononi mwa fundi na kuingia katika kipande kidogo cha plastiki chenye mifereji isiyofikia upana wa milimita moja, kikiongozwa na kompyuta inayojifunza kwa mifano. Rai yangu, ambayo nitaitetea kadiri ya uwezo, ni kwamba faida iliyo kubwa katika mageuzi haya haimo katika haraka wala katika urahisi. Imo katika mahali. Dawa ambayo leo haitengenezwi ila katika miji michache ya dunia yaweza, ufundi huu ukitimia, kutengenezwa katika hospitali ile ile aliyolazwa mgonjwa, hata hospitali hiyo ikiwa Kampala au Dar es Salaam.

Asili ya ulezi wa seli ni mwanzo wa karne iliyopita. Mwaka 1907 Ross Harrison, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, alitwaa kipande cha kiinitete cha chura, akakiweka katika tone la limfu lililotundikwa chini ya kioo, akaziona kwa hadubini nyuzi za neva zikirefuka zikiwa mbali na mwili uliozizaa. Miaka mitano baadaye, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, tabibu wa Kifaransa Alexis Carrel alianza kulea seli za moyo wa kifaranga, na kwa zaidi ya miaka 30 walimwengu wakaambiwa kwamba seli zile hazizeeki wala hazifi. Wasaidizi wake walivaa majoho meusi yenye kofia, na kazi yao ikafanyika kwa taadhima iliyokaribia ibada. Lakini hakuna maabara nyingine iliyoweza kulirudia jambo lile. Na mwaka 1961 Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead, katika Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, walitoa ithibati kwamba seli za kawaida za mwanadamu hujigawa takriban mara 50 kisha husita. Maelezo yanayotolewa mara nyingi juu ya seli za Carrel ni kwamba lishe yao, iliyokamuliwa katika viinitete vya kuku, ilikuwa ikiingiza seli changa kila ilipomiminwa. Kisa hiki cha zamani chatufaa leo, kwa kuwa chatuonyesha kwamba katika ulezi wa seli mkono ni mshiriki asiyeandikwa daftarini. Fundi mmoja hutikisa chupa kwa nguvu na mwingine kwa upole; mmoja hubadilisha lishe saa mbili asubuhi na mwingine saa tano; na matokeo yao hutofautiana pasipo yeyote kujua sababu.

Chembe nyeupe za damu zilikawia kuyakubali malezi haya. Zikitolewa mwilini zilikuwa zikikaa kitambo kisha zikifa, wala hazikujigawa, hata wengi wakahukumu kwamba zimekwisha kufika mwisho wa umri wao. Mwaka 1960 Peter Nowell, naye wa Philadelphia, alikuwa akitumia dawa iliyokamuliwa katika maharage mekundu ili kuzigandamanisha chembe nyekundu na kuziondoa, akashangaa kuona kuwa chembe nyeupe zilizosalia zimeamka na kuanza kugawanyika. Protini hiyo ya maharage ndiyo ile ile inayomtapisha mtu aliyekula maharage yasiyoiva sawasawa, na kwa ajili yake wapishi wa nchi zetu wameyachemsha maharage kwa saa nyingi tangu zamani. Mwaka 1976 Doris Morgan, Francis Ruscetti na Robert Gallo, kule Bethesda, wakaeleza kitu kinachotolewa na chembe nyeupe zenyewe ambacho, kikitiwa katika lishe, huziwezesha seli T kukua kwa muda mrefu. Leo kinaitwa interleukini-2, na karibu kila maabara inayolea seli T duniani hukitumia. Seli T, kwa msomaji asiyezizoea, ni askari wa kinga ambao huigusa seli moja baada ya moja, huitambua iliyoambukizwa au iliyoharibika, na kuiua.

Kutoka hapo njia ya kufikia tiba ilikuwa ndefu, nami nitaifupisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Zelig Eshhar wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli alibuni namna ya kuipa seli T kipokezi cha bandia, ili imtambue adui ambaye kwa tabia yake isingemtambua. Wengine wengi wakaliendeleza wazo hilo, miongoni mwao Michel Sadelain mjini New York na Carl June mjini Philadelphia, na shabaha iliyochaguliwa ikawa CD19, alama iliyo juu ya seli B, ambazo ndizo zinazogeuka saratani katika aina nyingi za lukemia na limfoma. Mwezi wa Aprili 2012, katika Hospitali ya Watoto ya Philadelphia, msichana wa miaka 6 aitwaye Emily Whitehead, ambaye lukemia yake ilikuwa imezishinda dawa zilizojulikana, alirudishiwa seli zake mwenyewe zikiwa zimepewa kipokezi hicho. Homa kali ikampanda, akakaribia kufa kwa vurugu la kinga lililozuka mwilini, hata madaktari wakatambua kwamba kiini cha vurugu hilo ni protini ya kinga iitwayo interleukini-6 na wakampa dawa iliyokusudiwa wagonjwa wa baridi yabisi. Alipona, na miaka zaidi ya kumi imepita bila saratani ile kurejea. Tarehe 30 Agosti 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba hiyo chini ya jina la Kymriah, na bei iliyotangazwa ilikuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja.

Tazama sasa yaliyomo ndani ya bei hiyo. Damu ya mgonjwa hupitishwa kwa saa kadhaa katika mashine inayotenga chembe nyeupe na kurudisha mwilini iliyobaki. Chembe hizo husafirishwa, aghalabu zikiwa zimegandishwa, mpaka kiwandani, ambako seli T hutengwa na nyinginezo, huamshwa kwa shanga ndogo mno za sumaku zilizopakwa kingamwili, huingizwa jeni mpya kwa njia ya virusi vilivyovuliwa madhara, hulishwa na kuachwa zizaliane kwa siku kadhaa, huoshwa, hupimwa, hugandishwa tena katika mvuke wa naitrojeni, kisha husafirishwa kurudi kwa mgonjwa yule yule zilikotoka. Kidonge cha malaria hutengenezwa kwa mamilioni katika mkupuo mmoja, na kila mkupuo hupimwa mara moja. Lakini hapa kila mgonjwa ni mkupuo wake mwenyewe, mwenye vipimo vyake, karatasi zake, chumba chake kilichosafishwa na mafundi wake waliofunzwa kwa miezi. Safari nzima huchukua wiki tatu au zaidi, na wako wagonjwa wanaoiaga dunia dawa yao ikiwa bado njiani. Mashine zimekwisha kuanza kusaidia: kampuni ya Miltenyi Biotec ya Ujerumani, mathalan, huuza mtambo wa mezani uitwao CliniMACS Prodigy, ambao ndani ya mirija iliyofungwa hufanya kazi nyingi zilizokuwa zikifanywa na mikono ya mafundi. Walakini mtambo huo mmoja hushikwa na mgonjwa mmoja kwa siku nyingi, na hospitali itakayo kuwahudumia 20 kwa pamoja yahitaji mitambo 20. Hapo ndipo wazo la kufanya kila kitu kiwe kidogo linapopata nguvu yake.

Chipu ya mifereji midogo hutengenezwa kwa ufundi uliokopwa katika viwanda vya elektroniki. Umbo la mifereji huchongwa kwanza juu ya bamba la silikoni, kisha mpira mwangavu uitwao PDMS humiminwa juu yake, hukazwa kwa joto, na kubanduliwa ukiwa na mifereji hiyo tumboni. George Whitesides na wenzake wa Harvard ndio walioueneza ufundi huu katika miaka ya 1990. Mwaka 2000 Stephen Quake na wenzake, wakiwa Taasisi ya Teknolojia ya California, waliongeza tabaka la pili la mifereji juu ya la kwanza, lenye hewa badala ya maji: hewa ikishindiliwa, ukuta mwembamba ulio katikati hubonyea na kuufunga mfereji wa chini, hewa ikiachiwa, mfereji hufunguka. Aliyepata kuona mfongo wa Wachagga katika miteremko ya Kilimanjaro, ambamo maji hupelekwa shamba kwa shamba kwa zamu kwa kuziba mlango huu na kuzibua ule, anayo tayari picha ya chipu hii, ila badala ya majembe na majani ya migomba pana hewa na amri ya kompyuta. Mwaka 2007 Rafael Gómez-Sjöberg na Quake, wakiwa Stanford, walieleza chipu yenye vyumba 96 vya kulelea seli, kila chumba kikipewa lishe yake kwa ratiba yake, bila mkono wa mtu kukigusa.

Udogo huu haukutafutwa kwa ajili ya kubana nafasi peke yake. Maji yaendayo katika mfereji mwembamba hivyo hayafanyi vishindo wala mzunguko; mikondo miwili huenda sambamba, na kilichomo katika mmoja huingia katika mwingine kwa kupenya polepole tu. Na kupenya huko kuna kanuni: umbali ukipungua mara kumi, muda hupungua mara mia. Basi seli T, ambayo kipenyo chake ni mikroni 7 hadi 10, ikikaa katika chumba chembamba hupata oksijeni na sukari upesi, na taka yake, hususan asidi ya laktiki, huondolewa upesi vilevile. Ilhali seli iliyo chini ya chupa kubwa hungojea vitu hivyo vishuke kutoka juu. Fauka ya hayo, mlezi wa chipu hujua kwa hakika kila seli imekula nini na lini. Yule mshiriki asiyeandikwa daftarini anaandikwa sasa, kwa dakika na kwa sehemu za mililita.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote ulichapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Biomedical Engineering na ushirika wa watafiti wa Singapore na wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, wakiwemo Rajeev Ram na Michael Birnbaum. Walitengeneza chombo kilichofungwa chenye ujazo wa mililita 2 tu, kinachopitishiwa lishe mpya pasipo kukoma, na ndani yake wakaziamsha seli T, wakaziingiza jeni ya kipokezi cha CD19 na kuzikuza. Kwa seli za watu wenye afya walipata zaidi ya milioni 200 zenye kipokezi; kwa seli za wagonjwa wa limfoma, ambazo aghalabu zimechoshwa na maradhi na dawa, zaidi ya milioni 60. Ili msomaji auone uzito wa hesabu hii, na ajue kwamba katika malezi ya kawaida mililita moja hubeba seli milioni moja au mbili hivi. Hapa, kwa seli za watu wenye afya, kila mililita ilibeba zaidi ya milioni 100. Ubora wake ulipolinganishwa na wa seli zilizolelewa katika chombo cha desturi ulikuwa karibu sawa, katika vyombo vya maabara na katika miili ya panya waliotiwa lukemia.

Je, seli milioni 60 zatosha nini? Kipimo cha Kymriah kilichoidhinishwa kwa mtoto asiyezidi kilo 50 ni kati ya seli 200,000 na milioni 5 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 20, ambaye yu katika umri wa kuanza shule, ahitaji basi kati ya milioni 4 na milioni 100. Seli za chombo cha Singapore si Kymriah, na bado hazijapewa mgonjwa kwa taarifa hiyo niliyoitaja. Lakini hesabu yenyewe yaonyesha kwamba ujazo usiofika nusu ya kijiko cha chai waweza kubeba dawa ya mtoto mzima. Mimi niliposoma tarakimu hizo kwa mara ya kwanza nilizirudia kuzikokotoa upya, kwa kuwa mambo ambayo tumezoea kuyaona yakihitaji jumba yalikuwa yametoshea katika kiganja.

Hata hivyo chipu peke yake ni mfereji tu. Yaweza kutii, haiwezi kuhukumu. Fundi mwenye uzoefu akiitazama chupa ya seli chini ya hadubini hujua, pengine bila kuweza kueleza, kwamba hizi zimeamka na zile zimelala, kwamba lishe hii imechoka, kwamba kesho ndiyo siku ya kuvuna. Hukumu hiyo ndiyo iliyo adimu, na ndiyo inayotafutwa katika kompyuta. Njia yenyewe ni hii: kompyuta huonyeshwa mifano maelfu kwa maelfu, kila mmoja ukiwa na jibu lake, mpaka ijirekebishe yenyewe hata majibu yake yalingane na yale iliyofunzwa, kisha hupewa mifano ambayo haijapata kuiona, na hapo ndipo hupimwa. Melissa Skala na wenzake mjini Madison, katika jimbo la Wisconsin, walitumia ukweli kwamba seli yenyewe hung'aa kidogo ikimulikwa, kwa sababu ya kemikali inazozitumia kuchoma sukari. Na mng'ao wa seli T iliyoamka hutofautiana na wa iliyolala. Kompyuta iliyofunzwa kwa mng'ao huo iliweza, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2021, kuzitofautisha seli hizo moja moja bila kuzitia rangi wala kuziua, jambo ambalo kwa vipimo vya kawaida haliwezekani.

Kuna kazi nyingine ambayo kwangu ina uzuri wake wa pekee. Katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, Grégoire Altan-Bonnet na wenzake, pamoja na mwanafizikia Paul François wa Canada, waliweka roboti ilee seli T na kuchota majimaji yake kwa ratiba isiyokatika, mchana na usiku, ili kupima sitokini, yaani zile jumbe za protini ambazo seli za kinga hupelekeana. Mwanadamu hawezi kuikesha ratiba hiyo wiki nenda wiki rudi pasipo kukosea. Kompyuta ilipopewa vipimo hivyo vyote iligundua kwamba wingi wake waweza kukunjwa ukawa ramani ndogo, na katika ramani hiyo vitu vinavyoamsha seli T vikajipanga katika makundi sita, kila kundi na mwenendo wake. Matokeo yalichapishwa katika Science mwaka 2022. Roboti ilileta utaratibu ambao mkono haukuweza kuuleta, na kwa sababu ya utaratibu huo kompyuta ikapata kitu cha kujifunza. Wala kimoja kisingefaa bila mwenzake.

Mambo haya mawili yakiunganishwa, chipu na hukumu, hupatikana ulezi unaojirekebisha. Vipimo vya oksijeni na uchachu huingia katika kompyuta kila dakika. Kompyuta hukisia seli zitakuwa wapi kesho. Huongeza mkondo wa lishe au huupunguza. Na huamua saa ya kuvuna. Na saa ya kuvuna ni jambo kubwa kuliko lionekanavyo. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kadiri seli zinavyokuwa nyingi ndivyo dawa inavyokuwa bora. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Pennsylvania walionyesha kwamba seli zilizovunwa siku ya tatu ziliipiga lukemia katika panya vyema zaidi kuliko zile zilizolelewa hadi siku ya tisa, kwa kuwa seli iliyozaliana mno huzeeka na kuchoka. Basi mlezi mwema hutafuta ile nukta ambapo wingi watosha na ujana haujaisha, na nukta hiyo haiko pahali pamoja kwa wagonjwa wawili. Kanuni moja ya kiwanda, siku tisa kwa kila mtu, ni ya kumfaa fundi na ratiba yake. Seli za kila mgonjwa zina siku yao.

Ni wajibu kutaja hadhari. Mpira wa PDMS hunywa baadhi ya dawa zilizomo katika lishe, hata kipimo kilichokusudiwa kisiifikie seli. Kipovu kimoja cha hewa chaweza kuziba mfereji, na mkondo ukiwa mkali huzijeruhi seli. Na kompyuta inayojifunza ina hila ya kushika njia ya mkato: ikiwa picha zote za seli zilizo hai zilipigwa kwa hadubini moja, na za zilizo dhaifu kwa nyingine, itajifunza kutofautisha hadubini, na mwenye kuitumaini atadanganyika kama walivyodanganyika walioamini seli za Carrel. Dawa ya hatari hii ni moja, nayo ni kuifunza kompyuta kwa mifano ya watu wengi, wa mahali pengi, wa hali nyingi. Na hapa ndipo neno linapotuhusu sisi wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto, ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari maelfu ya maili, akipita Kenya na Tanganyika mpaka kusini, akiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi ugonjwa huo unaonekana. Mwaka huo huo alitoa mhadhara mjini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, ambaye aliomba apelekewe vipande vya uvimbe huo kwa ndege kutoka Kampala. Kwa miaka miwili hakupata kitu. Kisha, mwishoni mwa 1963, ndege iliyobeba kifurushi ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na kilipomfikia Epstein maji yake yalikuwa yamechafuka, hali ambayo kwa kawaida ni alama ya bakteria na sababu ya kumwaga. Alichukua tone, akalitazama, akaona seli za limfoma, nzima na hai, zikielea moja moja. Wakati huo ilidhaniwa kwamba seli za namna hiyo haziwezi kulelewa nje ya mwili. Epstein na Yvonne Barr wakazilea zikiwa zinaelea, na mwezi wa Machi 1964, pamoja na Bert Achong, wakatangaza virusi walivyovikuta ndani yake, ambavyo hata leo vinaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Mlango wa kulea seli za kinga zenye saratani, kwa hiyo, ulifunguliwa kwa sehemu kubwa na uvimbe wa mtoto wa Uganda.

Na si mtoto huyo peke yake. Seli ziitwazo Raji zilitwaliwa mwaka 1963 kutoka kwa mtoto wa miaka 11 nchini Nigeria. Ziitwazo Daudi zilitokana na uvimbe wa kijana wa Kenya wa miaka 16, nazo zililelewa Stockholm na Eva Klein na George Klein. Seli hizo zina CD19 juu yake. Hivi leo, maabara ya Marekani, Ujerumani au China ikitaka kujua kama seli T ilizozitengeneza zitaua, aghalabu huzikutanisha na Raji au Daudi, na kuhesabu. Saratani ya watoto wa Kiafrika imekuwa kipimo ambacho kwacho dawa hujaribiwa, na dawa yenyewe haijawafikia watoto wa nyumba zile. Nayasema haya kwa huzuni, na bila kumlaumu aliyefanya uchunguzi kwa nia njema; lakini insafu yadai yasemwe.

Isidhaniwe kwamba limfoma ya Burkitt yangoja chipu. Watoto wengi huponywa kwa dawa za kawaida wakifikishwa mapema, na Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya ugonjwa huu hasa, imelithibitisha hilo tangu zamani. Dawa hizo na nauli ya kufika hospitali ni hitaji la kwanza. Tiba ya seli ni ya wale ambao maradhi yamewarudia. Kwa hao, India imetuonyesha kwamba bei si sheria ya maumbile: mwezi wa Oktoba 2023 nchi hiyo iliidhinisha NexCAR19, iliyotokana na kazi ya IIT Bombay na Kituo cha Tata Memorial, kwa takriban sehemu moja katika kumi ya bei ya Marekani. Wagonjwa wa Afrika Mashariki wamezoea kwenda India kwa matibabu, na bila shaka wengine watakwenda kwa ajili ya hii. Lakini safari ya mtoto mwenye lukemia iliyorejea, na mzazi aliyeuza shamba, haiwezi kuwa ndiyo tadbiri yetu ya kudumu.

Chipu haitaondoa kila kizuizi. Virusi vibebavyo jeni bado ni ghali, ingawa ujazo mdogo waweza kupunguza kiasi kinachohitajika. Vurugu la kinga lililomsogeza Emily Whitehead karibu na kifo lahitaji kitanda cha uangalizi mahututi na dawa iliyo tayari kabatini. Na tangu Januari 2024 mamlaka ya Marekani imezitaka tiba hizi zibebe onyo la hatari ya saratani mpya za seli T, kwa hiyo mgonjwa aliyepona hana budi kufuatiliwa kwa miaka. Hayo ni ya hospitali na ya serikali. Lakini lililo la wataalamu wetu wa maabara haliwezi kungojea hayo yaishe, maana kompyuta zitakazoziongoza chipu hizo zinafunzwa sasa, kwa seli za wachangiaji wa Boston, Singapore na Philadelphia. Kinga ya mtoto aliyeugua malaria mara nyingi, aliyepata virusi vya Epstein-Barr angali mchanga, haifanani na ya mtoto wa huko, na kompyuta ambayo haijapata kuiona itaikisia vibaya: itavuna mapema, au itachelewa, au itaihukumu dhaifu ilhali ni nzima. Vyuo vya Makerere, Muhimbili na Nairobi vina wataalamu wa kinga waliosomea malaria na UKIMWI kwa miaka mingi, wanaojua kutenga chembe nyeupe na kuzihifadhi. Kinachotakiwa ni kwamba waombe, na wapewe, nafasi ya kulea seli za wagonjwa wao wenyewe katika vyombo hivi vikiwa bado katika majaribio, kwa ridhaa iliyoandikwa kwa lugha ambayo mzazi anaifahamu, na kwa mapatano yanayotaja bayana kwamba vipimo vitakavyopatikana vitabaki pia mikononi mwao.

Liko na swali la sahihi. Kwa taratibu za sasa hakuna mkupuo wa seli unaotoka kiwandani pasipo mtu mwenye dhamana kuutia sahihi kwamba unafaa. Kompyuta ikisema siku ya kuvuna ni leo, na mtaalamu wa Mulago akaona kwa hadubini yake kwamba ni kesho, sheria za nchi zetu zapasa kueleza ni neno la nani litakaloandikwa katika cheti, na nani atakayejibu likiharibika. Kwa rai yangu sahihi hiyo na ibaki kwa mtaalamu, naye apewe mafunzo ya kuisoma hukumu ya kompyuta na haki ya kuipinga. Na mafunzo hayo huchukua miaka mingi kuliko ujenzi wa chumba chochote.